Sura ya Nani Hii Juu ya Jina Langu

Kwenye kona ya barabara ya Magnolia, mjini Burbank, mbele ya duka la donati la Mama Chanthy, lipo benchi la mbao lililofungwa mnyororo kwenye nguzo lisiibwe, ingawa mwizi wa kulibeba pamoja na hao wanaolikalia bado hajazaliwa. Kila asubuhi ni wale wale. Mkono wa kushoto hukaa Daktari, ambaye mama yake alimwita Granville Otis. Huyo alipasua watu vifua kwenye runinga miaka tisa mfululizo, na mpaka leo akijikata na karatasi anatafuta mtu wa kumfunga plasta. Katikati ni Maiti, Leland Fusco kwa jina la kanisani, aliyekufa mara arobaini na moja katika vipindi vya polisi, na hakuna kimoja alichofika dakika ya kumi akiwa na pumzi. Anayefuata ni Kicheko, Bi Verbena Kowal. Huyo sauti yake ilirekodiwa siku moja akiwa msichana, ikawekwa kwenye kanda za kicheko zinazosikika nyuma ya vichekesho vya runinga, na tangu hapo amecheka katika kila sebule ya nchi hii bila mtu kumwona jino. Pembeni kulia, penye kivuli cha mwavuli wa duka, ni pa Shangazi. Jina lake Ardith Polk. Miaka sita alikuwa Shangazi Opal katika kipindi cha Kina Pruitt wa Mtaa wa Pili, na hata watu wasiojua jina lake humsimamisha barabarani wamuulize kama pai iko tayari.

Jumamosi hiyo Ardith alikuja wa mwisho, na hakusalimu. Mkono mmoja alikumbatia gauni la buluu, bado limo kwenye nailoni ya dobi. Mkono wa pili ameshika bango lililokunjwa. Akalikunjua na kuwatandikia magotini wote watatu kama kitambaa cha meza.

— Someni.

— Salamu kwanza, Shangazi, Daktari akasema. Hata mgonjwa mahututi huniamkia.

— Salamu baadaye. Someni!

Wakainama. Ilikuwa nakala ya bango la makumbusho ya televisheni, lile ambalo lingefunuliwa siku hiyo hiyo saa nane mchana na kutundikwa nyuma ya kioo, lisitoke tena. Kina Pruitt wote wako mezani: baba na tai yake, mama, watoto wawili, mbwa Biskuti amepandisha miguu kwenye kiti, na Shangazi Opal amesimama na pai mkononi, ndani ya gauni la buluu lenye ukosi mweupe. Chini ya kila mtu kuna jina. Chini ya Shangazi Opal wameandika kwa herufi za dhahabu: Ardith Polk.

— Umependeza, Maiti akasema.

— Nimependeza? Tazama vizuri, mzoga wewe!

— Pua imepungua kidogo. Ni mambo ya kamera.

— Si pua yangu hiyo! Si macho yangu, si mkono wangu, na sijawahi kushika pai kama mtu anayeogopa kuungua. Huyo si mimi. Huyo ni yule wa kwanza!

Hapo Kicheko alishika mdomo, kwa sababu wote walijua habari ya yule wa kwanza. Shangazi Opal walikuwa wanawake wawili. Mwaka wa kwanza wa kipindi alikuwepo mwingine. Siku ya mwisho ya mwaka huo Shangazi aliinuka mezani, akasema anakwenda jikoni kuleta pai, akaingia, mlango ukafungwa, kipindi kikaenda mapumziko. Miezi minne baadaye mlango ule ule ukafunguliwa, akatoka Ardith na pai. Pale mezani hakuna aliyeshtuka. Mtoto mdogo alisema, “Umechelewa, Shangazi,” wakala. Ndivyo kazi ile ilivyokuwa ikifanywa: mtu huondoka, anayeigizwa hubaki, na watazamaji nao wakazoea kama walivyozoea kiti kipya.

— Miaka sita! Ardith akasema, akipokea kikombe cha kahawa kwa Mama Chanthy bila kumtazama. Miaka sita nimewanyonga tai wale, nimewafuta makamasi wale, nimeimba siku za kuzaliwa, nimelia harusini. Yeye kabeba pai mwaka mmoja, tena hata hakuifikisha mezani!

— Lakini jina lako wameliweka, Daktari akasema kwa sauti yake ya wodini.

— Wameliweka chini ya uso wa mtu! Nikuandike wewe jina la Maiti kwenye paji la uso, utafurahi?

— Nitafurahi mimi, Maiti akasema. Yeye ana nywele.

— Usinichekeshe, Leland, sina hamu. Wewe Verbena, vaa miwani. Soma mstari wa chini kabisa, pale penye maandishi ya chawa.

Kicheko akavaa miwani, akalisogeza bango mpaka puani.

— “Mbwa Biskuti: Duke, Hazel na Kapteni.”

— Rudia.

— Duke, Hazel na Kapteni.

— Mbwa watatu! Mbwa watatu wana majina matatu, na hakuna aliyekosea nani alibweka na nani aliruka uzio. Shangazi wawili wana jina la mmoja na sura ya mwingine. Hivi mimi nimekosa nini ambacho mbwa hakukosa?

Hapo benchi zima lilipandwa na hasira. Maiti, ambaye kwa kawaida hukasirika akiwa amelala, aliketi wima.

— Hii ni dharau. Mimi nimekufa mara arobaini na moja, jina wameliweka mara mbili, na mara zote mbili wamekosea. Lakini sura ilikuwa yangu! Walau shuka walilonifunika lilikuwa na uso wangu ndani!

— Mimi nawajua hawa, Daktari akasema, akiinua kidole kama anataka mkasi. Ni ugonjwa. Vijana wa siku hizi wana upungufu wa kumbukumbu ya mbele ya kichwa. Nimeuona.

— Umeuona wapi wewe?

— Mwaka wa nne, kipindi cha kumi na mbili. Mgonjwa alimsahau mkewe akamkumbuka farasi.

— Ulimponya?

— Alipona baada ya tangazo la sabuni.

— Basi nyamaza, Ardith akasema. Vijana gani? Nimeletewa barua ya kualikwa, imeandikwa vizuri, “mpendwa Shangazi wetu.” Wanatuma gari saa sita, lije linichukue hapa hapa. Wananitaka niketi kwenye kiti cha turubai cha waigizaji chenye jina langu mgongoni, na juu ya kichwa changu litundikwe bango la mwanamke mwingine. Watu watatazama juu, watatazama chini, watasema, masikini, uzee umemharibu mpaka pua.

Kicheko akaliweka bango chini na kuvuta pumzi.

— Mimi sidhani ni kusahau, dada. Ni mashine. Siku hizi kuna mashine inachukua nyuso, inazikoroga. Imekutia wewe, imemtia yule, imekoroga, ikamwaga huyu.

— Huyu hana hata tone langu.

— Basi ilikoroga vibaya.

— Mashine gani, Verbena! Maiti akadakia. Hiki ni kinyongo. Yule mzee aliyekuwa mkubwa wa kipindi si alikutaka upake nywele rangi ukakataa?

— Alikufa miaka ishirini iliyopita.

— Na sisi wafu hatuna kinyongo? Niulize mimi! Mara ngapi nimelala pale sakafuni nawasikiliza wakinisema vibaya juu ya kichwa changu. Yule mzee alilala nacho hicho kinyongo, akakiacha kwenye wosia: siku ya bango, mtieni yule mwingine.

— Wapi! Daktari akasema, na sasa naye ameshapandwa. Kama ni kinyongo, ni cha yule mwanamke mwenyewe. Nani kasema aliondoka? Mlimwona akitoka?

— Aliingia jikoni, Kicheko akasema polepole.

— Aliingia jikoni. Mlango ukafungwa. Katoka Ardith. Sasa yeye kapitia wapi? Jikoni kwenyewe kulikuwa ukuta wa mbao na ndoo ya rangi. Nawaambieni yule mwanamke hajatoka. Amekaa nyuma ya ule mlango miaka yote hii, anakula pai, anangoja siku yake!

— Umri wake ungekuwa mia moja.

— Sukari huhifadhi, Daktari akasema. Hiyo ni sayansi.

Kicheko akacheka. Ilikuwa ile sauti yenyewe, ile iliyopanda ngazi tatu na kuteremka mbili, na mpita njia mmoja upande wa pili wa barabara akageuka akitabasamu bila kujua kwa nini. Lakini Ardith hakutabasamu.

— Mnaona mchezo, akasema. Mimi sina kingine cha kuachia dunia hii. Sikuzaa. Mume nilimzika. Vipindi vyenyewe kanda zake nyingi wamezifuta wakarekodi mpira juu yake. Kimebaki kipande kimoja cha ukuta, nyuma ya kioo, na huko nako kaingia mtu.

Maiti alimpa nusu ya donati yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa hai wala akiwa amekufa.

— Ni mbwa, Kicheko akasema ghafla.

— Nini?

— Ni upande wa mbwa, Ardith. Hebu fikiri. Nani kwenye hilo bango kaandikwa sawasawa? Mbwa. Basi bango limesimamiwa na mtu wa mbwa. Na Hazel alikuuma.

— Alinikwaruza.

— Alikuuma paja, mwaka wa pili, ulituambia mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu alimpenda yule wa kwanza! Mbwa peke yake ndiye aliyejua kwamba aliyetoka jikoni siye aliyeingia. Mfunzaji wao akaliweka moyoni, akamrithisha mwanawe, mwanawe kaajiriwa makumbusho.

— Hiyo ina maana, Daktari akasema, akitikisa kichwa kwa uzito.

— Hiyo ndiyo yenyewe, Maiti akasema. Mbwa. Sasa utafanya nini, Shangazi? Huwezi kwenda ukaketi tu chini ya dhuluma. Anguka. Nitakufundisha. Bango likifunuliwa, unashika kifua, magoti yanatangulia, kichwa cha mwisho. Usipepese macho hata inzi akitua.

— Nami nitapima mshipa, Daktari akasema, niseme tumempoteza.

— Siangukii mtu yeyote. Nitasimama.

Ardith akainua gauni, akalitoa kwenye nailoni. Rangi ya buluu ilikuwa imefifia kwenye mikunjo, lakini ukosi ulikuwa mweupe kama siku ya kwanza. Siku kipindi kilipokwisha walimwachia, nalo alilikunja kwenye sanduku la bati, na juzi tu kalipeleka kwa dobi.

— Nitalivaa hili. Nitakwenda mpaka chini ya bango, niwageukie, niseme: Tazameni. Sura hii ndiyo mliyokula nayo chakula cha jioni miaka sita. Ushahidi ni huu nilioutia mwilini. Gauni hili ni langu. Yule pale simjui. Mteremsheni, mnipandishe mimi. Basi. Sitaongeza neno.

— Ongeza la mbwa, Kicheko akasema.

— Sitaongeza la mbwa!

Mama Chanthy alikuwa ametoka na birika kuwaongezea kahawa. Akasimama, akalitazama gauni, akalitazama bango, akalitazama gauni tena.

— Ndilo lile lile, akasema. Hata hicho kishikizo cha tatu, kimepishana na wenzake.

— Ni langu, Ardith akasema.

— Sijasema si lako.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke wa posta, mgeni katika njia ile, wiki yake ya kwanza. Yule mzee aliyekuwa akileta barua alikuwa amestaafu, na huyu alikuwa bado anasoma namba za milango kwa kidole. Jina lake lilikuwa limedariziwa kifuani: Imelda Rocha. Alikuwa anangoja donati yake, mkoba begani, na akinyoosha shingo kutazama bango.

— Samahani kwa kuwaingilia, wazee wangu, akasema. Huyu mama mwenye pai ni nani?

— Ndiyo hiyo kesi yenyewe! Maiti akasema. Siye yeye!

— Wameweka jina langu, lakini si mimi, Ardith akasema. Tazama uso wangu, utazame ule.

— Nimeona, mama, si wewe kabisa. Ndiyo maana nauliza. Huyu ni nani?

— Ni yule wa kwanza, Kicheko akasema.

— Wa kwanza anaitwaje?

Daktari alifungua mdomo kama mtu anayejua, akaufunga. Maiti akavitazama viatu vyake. Kicheko alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama ile sura kana kwamba jina lingekuwa limeandikwa kwenye pai.

— Lilianza kwa herufi M, Maiti akasema.

— Si M. Lilikuwa na L mbili, Daktari akasema.

— Hizo ni herufi, hilo si jina, Kicheko akasema, akikunja uso. Alikuwa na nywele nyekundu, hilo nakumbuka. Si ndiyo, Ardith? Wewe si unajua? Wewe ndiye uliyeshika nafasi yake.

Wote wakamgeukia. Na Rocha naye akamtazama, bila ubaya wowote, kama anavyomtazama mtu aliyefungua mlango amuulize kama fulani anakaa hapa.

— Nauliza tu, akasema. Ni mazoea ya kazi. Kila ninachokibeba kina jina juu yake.

Ardith alikuwa na jibu. Alilisikia likija. Lakini lililomjia si jina, ni chumba: chumba cha mavazi, asubuhi ile ya kwanza, na mama wa mavazi, Bi Hesper, pini mdomoni, anamzungusha mbele ya kioo na kusema, “Limekukaa kama lilishonwa kwako, sipunguzi wala siongezi.” Bi Hesper alipotoka, Ardith akajivua gauni alitazame. Ndani ya ukosi kulikuwa na kipande cha utepe mweupe, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kina jina la mwenye nguo, kwa sababu ndivyo nguo za studio zilivyokuwa zikiwekwa zisichanganyike. Akatoa mkasi wa kucha kwenye mkoba. Akakata uzi mmoja mmoja, taratibu, asiharibu kitambaa. Utepe akautupa kwenye kibakuli cha majivu ya sigara.

Alikuwa amelisoma. Haiwezekani kukata jina bila kulisoma. Tena alicheka kidogo, akaliambia, “Haya, kwaheri.”

Pale benchini akageuza ukosi wa gauni kwa ndani. Jua la mchana liliingia katika kitambaa, na vile vitobo vya sindano vikaonekana, safu mbili ndogo, juu na chini, na katikati yake weupe mtupu. Akapitisha kidole. Akapitisha tena, polepole, kama kipofu asomaye.

— Shangazi? Daktari akasema. Sauti ya wodini haikuwepo.

— Nilikaa meza moja na wale watu miaka sita, Ardith akasema. Siku ya kwanza nilingoja mtu aniambie habari yake. Nikajua watasema tu, alikuwa mzuri, alikuwa mbaya, alikwenda wapi, anaumwa, kaolewa. Hakuna aliyesema. Nami nikashukuru. Wallahi nilishukuru.

— Ndiyo kazi ilivyokuwa, dada, Kicheko akasema.

— Ndiyo. Na leo nimekuja hapa na makelele. Wamenifanyia mimi nini, Verbena, ambacho sikumfanyia yeye kwa mkasi wa kucha?

Maiti alinyoosha mkono kwa Mama Chanthy apewe kahawa, apate walau kitu cha kuweka mdomoni. Mama Chanthy akainamisha birika. Likatoa matone mawili, likanyamaza.

— Nitachemsha nyingine, akasema, lakini hakwenda.

Rocha alipokea donati yake kwenye mfuko wa karatasi, akaona kwamba ameacha kitu kizito katikati ya watu asiowajua.

— Sikukusudia, mama.

— Wewe peke yako ndiye uliyemuulizia, mwanangu. Nenda kazini.

Saa sita kasoro dakika mbili gari jeusi lilisimama ukingoni mwa barabara. Akashuka dereva, kijana nadhifu wa shati jeupe, mkononi ana bango lile lile, dogo, la ukubwa wa kadi, amepewa ili amtambue mgeni wake. Akalisogelea benchi akitabasamu. Akamtazama Kicheko, akatazama kadi. Akamtazama Mama Chanthy, akatazama kadi. Alipomfikia Ardith alimtazama muda mrefu, uso kwa uso, kisha akatikisa kichwa kwa adabu na kumruka.

— Ebo! Maiti akaanza kuinuka. Wewe kijana, unajua umemruka nani—

Ardith akamshika mkono, akamketisha. Akainuka yeye. Akalikunja gauni vizuri, ukosi ukiwa kwa nje, akalilaza mkononi kama alazwavyo mtoto.

— Samahani, mama, dereva akasema, akimwonyesha ile kadi, kidole kwenye sura ya mwanamke mwenye pai. Namtafuta huyu.

— Hata mimi namtafuta, Ardith akasema. Fungua mlango, twende tukawaulize waliokutuma.